Namba Sita kutoka Handeni

"Mtandao umekufa," Bi Zaina aliniambia,
kwa sauti ya mtu anayeulizia saa ya mazishi.
Nikapanda baiskeli, begi la waya mgongoni,
toka Chumbageni hadi Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kwenye duka lake la sare za shule.

Haukuwa umekufa. Ulikuwa umefungiwa kabatini,
nyuma ya sahani ambazo hata mgeni hapakuliwi,
rauta imevikwa kitambaa cha kufuma, imebanana na friji.
Mama, nilisema, rauta si mwali, haiwekwi ndani.
Itundike juu, peupe, ipumue;
kuta nene za nyumba hizi za zamani
humeza mawimbi kama mchanga umezavyo maji.
Akacheka. Taa tatu zikawaka kijani.
Cherehani zikanyamaza: mafundi walikuwa kwenye simu zao.

Kisha akafungua kompyuta, na kicheko kikaisha.

Kijana wa jirani alikuwa ameipiga windo upya.
Alifuta virusi, akafuta na picha,
akafuta kila kitu kilichomjua mwenye duka.
(Nakili kazi yako mara mbili, nalia na watu kila siku.
Flashi moja dukani, moja nyumbani chini ya khanga.)
Barua pepe ikadai nenosiri. Akalibofya, analijua kwa vidole.
Ikasema: haitoshi. Tumetuma namba sita
kwenye simu inayoishia na arobaini na sita.

Laini ya marehemu.
Ilifungwa kwa kukaa bila kutumika,
na laini iliyokaa, kampuni humpa mwingine,
kama chumba cha kupanga.

Piga, nilisema. Piga tu.
Akaitika msichana, yuko Handeni, kuku wanasikika.

Miaka tisa nahubiri dukani kwa watu:
namba ulizotumiwa usimtajie mtu,
hata akijiita benki, hata akilia.
Na sasa ni mimi niliyekaa kigodani, naziomba.
"Namba sitaji," akasema msichana. Akakata.
Nikamheshimu.

Bi Zaina akapiga tena. Hakuomba namba.
"Mwanangu, tangu upate laini hii,
nani wamekupigia kwa kukosea?"
Kimya.
"Wengi. Wanamtaka Shemhilu. Wanauliza sare.
Mwalimu mmoja wa Pangani alilia
nilipomwambia mimi siye."
"Ni mume wangu," akasema Bi Zaina.
Namba zikaja moja moja,
kama mtu anayehesabu mayai gizani.

Barua mia tatu na kumi na mbili hazijasomwa.
Sketi themanini za Maramba, tarehe imepita.
Mkopo ambao hakuuomba, zawadi ambayo haipo
(hizo usibofye, mama, hata kwa udadisi).
Na kwenye rasimu, moja, ya mkono wake:
*Ndugu Mhasibu, kuhusu bei ya kile kitambaa cha bluu, naomba*
Basi. Hata nukta haina.
Nikauliza, nifute?
"Usitume," akasema. "Usifute."

Tukaweka namba yake yeye mahali pa ile ya arobaini na sita.
Likabaki nenosiri.
Lisiwe jina la mtu, nilimwambia, wala mwaka wa harusi.
Chukua maneno matatu yasiyojuana:
shoka, ubuyu, Jumatano.
Akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mteja
anayemfundisha kupima kiuno.

Nikageukia mlangoni, nikatazama baiskeli zikipita,
maana mtu akiandika nenosiri ni kama anaoga.
Lakini masikio hayana pazia.
La zamani lilikuwa mibofyo kumi na moja.
Nikalisikiliza jipya:
kumi na moja,
akatulia kidogo,
kisha moja.