Mengineyo

Kikao kiliitwa saa nne, ofisi ya kata,
ajenda saba, kreti moja ya soda,
na mimi mtendaji, mwenye kalamu ya bluu
niliyopewa Mwanza kwenye semina ya utawala bora.

Hadi saa tano wajumbe ni kumi na mmoja.
Akidi inataka kumi na wanne.
Watatu wa Busekeseke wamekwama ng'ambo ya Isuka:
mto umekunywa mvua ya usiku kucha,
ukaamka mlevi, ukabeba gogo letu la kuvukia
mpaka ziwani, likakutane na sangara.

Diwani Malendeja akatazama saa yake,
akasema kanuni iko wazi, tuahirishe.
Nikaandika Kikao kimeahi
kalamu ikagoma.
Maana faili ninalijua. Masika manne,
mihtasari minne, mwandiko ni wangu mwenyewe:
kikao cha kujadili daraja hakikufanyika
kwa kuwa wajumbe hawakuwa na daraja.

Mlangoni alisimama Nkwimba wa zahanati.
Si mjumbe. Hana posho. Begani kasha la chanjo
za watoto wa huko huko ng'ambo.
"Barafu yangu ina uhai hadi saa nane," alisema.
"Kanuni zenu zina uhai hadi lini?"

Hakuna aliyejibu.
Bukwimba wa shule akanyanyua kiti.
Kisha mwingine. Kisha kreti ya soda.

Ndiyo maana muhtasari huu, mbele ya neno Mahali,
unasomeka: ukingoni, pande zote mbili.

Tuliazima kipaza sauti cha mnada wa dagaa,
kinakoroma lakini kinafika.
Fedha iliyopo inatosha jambo moja:
kalavati la Isuka, au gati la Nyabusenge
ambako abiria wa boti bado hushushwa mgongoni
kama magunia ya mihogo, mia tano kila mgongo.
Katemi wa mwaloni akasema bila kupepesa:
"Dagaa wanalipa ushuru. Mjamzito halipi."
Nimeyaandika kama alivyoyatamka.
Naye si mtu mbaya. Binti yake alijifungulia botini,
mbele ya gati ambalo halipo.

Ng'ambo, Mama Ng'washi akajibu kwa kirefu.
Upepo wa ziwa ukachukua yote.
Tuliona tu mwavuli wake ukinyooka,
ukachoma maji, ukatoka,
ukachoma tena palepale gogo lilipokuwa.
Hilo nalo limo kwenye muhtasari.
Sikujua nukta niiweke wapi.

Kura. Mikono juu.
Ya ng'ambo niliihesabu mara mbili,
kwa kuwa mmoja ulikuwa wa mtoto wa chekechea
aliyedhani mwalimu ameuliza swali.
Kalavati nane. Gati sita.
Katemi akatema mate, kisha akapiga makofi,
yote mawili kwa moyo mmoja.

Zikabaki saini.
Kamba ya nyavu ilirushwa; Lubango akaidaka mara ya tatu,
akaifunga kwenye bodaboda yake iliyolala matopeni.
Likatangulia kasha la chanjo, saa nane kasorobo,
linaning'inia juu ya maji mekundu,
na sisi wote, diwani na wote, midomo wazi
kama vifaranga.
Likafuata daftari la mahudhurio ndani ya mfuko wa sukari.
Likarudi limelowa: majina matatu
yameyeyuka yakaingiana,
huwezi kusema Bugingo anaishia wapi
na Ng'washi anaanzia wapi.

Halmashauri wataleta hoja, nawajua.
Watauliza kifungu, watauliza mahali, watauliza saini.
Na bajeti ni ya mwaka ujao, ikipita.

Mengineyo:
kalamu ya bluu ilibaki ng'ambo.
Nitaifuata kiangazi.