Viatu vya Muhindo

Muhindo hulala na viatu.
Kamba amezifunga mafundo mawili,
visigino juu ya shuka la mama,
na asubuhi vumbi jeusi la Ndosho
limebaki kitandani kama makombo.

Mwanzoni nilimsonya. Tunalala wawili, godoro moja,
soli yake inanikwangua muundi.
"Vua, bwana, hapa si njiani."
Akavuta blanketi. Hakujibu.

Mchana ni mtu kama watu:
anashusha chukudu ya makala toka Kibumba,
anajua bei, anajua matusi,
sombe asipoiona sahani anainunia.
Lakini siku fundi wa jirani alipoangusha bati
nilimkuta chini ya meza, mikono kisogoni,
sahani bado inazunguka sakafuni.

Yakasemwa mengi. Shangazi: amerogwa.
Chumba cha maombi: siku tatu bila kula.
Wenzake wakamwita Bati, wakacheka,
naye akacheka nao. Hilo ndilo lililoniuma.

Kasoki ni muuguzi. Jumamosi anapanga viti vya plastiki,
saba, pengine nane,
mlango anauacha wazi hata mvua ikiingia,
maana yuko msichana pale
asiyeweza kukaa penye mlango uliofungwa.
Hakumuuliza Muhindo ana wazimu gani.
Alimuuliza, "Usiku unasikia nini?"

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili alikula karanga, akarudi.
Ya tatu:
"Miguu. Nasikia miguu ya watu wanakimbia,
na mimi bado natafuta kiatu kimoja."

Kasoki akammiminia chai.
Mwili wako, akasema, ni mlinzi mwaminifu.
Risasi zilinyamaza, watu wakarudi kupika,
yeye hakuna aliyekuja kumpokea zamu.
Usimtukane. Mwambie polepole.

Akamfundisha kuvuta pumzi kwa hesabu,
kubandika kiganja kwenye jiwe la ukuta,
kutaja vitu vitano anavyoviona.
Nilimsikia gizani, saa tisa ya usiku:
bidoni, kalenda, taa, mende, kaka.
Kaka ni mimi. Wa tano, nyuma ya mende.

Jana kiatu cha kushoto kilikuwa sakafuni.
Cha kulia, bado.
Sikusema neno. Nilisogeza muundi,
nikageukia mlango kama kila usiku,
ndipo nikajiuliza
tangu lini nami nalala nikiutazama.