Kitenzi Kinakuja Mwisho

Jumanne na Alhamisi, magharibi ikisha,
napanda ngazi za Ganjoni, juu ya duka la vipuri:
viti saba, feni moja yenye kikohozi,
na Mwalimu Mwadena, aliyekaa Utrecht miaka tisa.
"Kitenzi," asema, "kiti chake ni cha pili.
Anza na kesho, anza na mimi, anza na samaki,
chenyewe hakihami. Wengine ndio wanaokizunguka."
Tukaandika: *Kesho nunua mimi samaki.
Samaki nunua mimi kesho.*
Tukacheka mpaka mwenye duka
akagonga dari kwa mpini wa fagio.

Wiki ya nne akaleta *omdat*, kwa sababu.
Hilo likiingia, kitenzi hushikwa mkono
kikapelekwa mkiani.
"Kwa sababu mimi wewe jana Marikiti na mamako,
ngojeni, bado,
ona."

Hata hapana yao haina haraka.
Kwetu kukataa hubisha hodi kwanza:
si-, hu-, ha-,
mtu hajamaliza kufungua kinywa, ushajua umenyimwa.
Wao hukukaribisha, hukupa kiti,
hukumiminia kahawa,
ndipo.

Mimi ni fundi cherehani, Kibokoni.
Nguo naijua kuanzia mabegani.
Mume wangu Shekuwe yuko Rotterdam, mwaka wa tatu;
mtihani wangu ni mwezi wa tano.
Kunizoeza, hunitumia sauti kwa Kiholanzi,
akisema polepole, kama anayemlisha mtoto.

Jana saa tano usiku:
*omdat ik jou in juni niet*
ikakatika.

Kwa sababu mimi wewe mwezi wa sita si.
Si nini, Shekuwe?
Nikafungua daftari, nikajaribu vitenzi kama funguo:
pokea. ngoja. weza. sahau.
Vyote vyaingia.
Kila kimoja chafungua nyumba nyingine.

Mwalimu hakutufundisha
mtu afanyeje na sentensi isiyo mkia.
Taa ya cherehani ilikuwa yawaka bado,
chini yake kanzu ya watu, mkono mmoja tu umeshonwa.

Saa saba nikamwandikia kwa lugha ya mamangu
neno moja, ndani yake yeye,
na mimi, na hapana, na siku ambazo hazijafika,
vyote kwa pumzi moja:

*Hutonipokea?*

Tiki mbili. Za kijivu.
Nikaurudia ule mkono wa pili.