Daftari la Lali Avuli

Tulipokuwa wadogo tuliambiwa vita vilianza kwa tusi:
mtu wa Pate alimwita mtu wa Amu mtwana,
panga zikachomolewa alani.
Uongo mtamu. Mimi nimelisoma daftari.

Lali Avuli, karani wa forodha,
babu wa babu yake mama,
hakuandika tusi. Aliandika frasila.
Mwaka wa kwanza: pembe, frasila arubaini,
nta makapu sita, ngozi korija saba.
Mwaka wa pili: pembe, frasila tisini,
na pambizoni, kwa wino uliokonda,
*Bandari ya Pate yajaa tope. Wenye mali wahamia kwetu.
Alhamdulillahi.*
Mwaka wa tatu hakushukuru.

Maana tope halina kabila,
ila mfalme aliyekaukiwa na bandari
huanza kukumbuka nasaba:
kwamba sisi ni wadogo zake,
kwamba ushuru wa Amu ni urithi wa babake.
Akaenda Mvita kutafuta ndugu mwingine,
mwenye mizinga, na njaa ileile.

Na sisi je? Usidhani tulikuwa malaika.
Zena na Suudi, mji mmoja nusu mbili,
waligombea mkono wa kushika mizani.
Usiku waliopatana
hawakupatana kwa mapenzi. Walipiga hesabu:
heri nusu ya forodha
kuliko yote kwenda Pate.
Hapo ndipo tulipoanza kuitana ndugu.

Ukurasa wa vita una mistari mitatu.
*Baruti, vipipa kumi na kimoja, mkopo.
Bafta ya sanda, jora ishirini, mkopo.
Mwanangu Bunu, Shela.*
Mbele ya Bunu hapana kipimo.
Kaacha nafasi,
kama anayengoja mtu amtajie bei.

Juma lililopita, hukohuko Shela,
walikuwa wakichimba msingi wa hoteli,
ukatoka mfupa wa paja
uliosuguliwa na mchanga hata ukang'aa.
"Wa Pate huu, au wetu?" akauliza Famau, fundi.
Msimamizi akatazama saa.
"Fukieni. Punda washafika na saruji,
na kiwanja hiki kimenunuliwa kwa futi."

Nilirudi nyumbani nikalifungua tena,
nikaitafuta ile nafasi ya Lali.
Bado ipo.
Mchwa wamekula frasila, wamekula nta,
wameitafuna hata Alhamdulillahi;
hapo wamepapita pembeni.