Mpaka Bati Liite

Tukuyu mvua haina msimu, ina zamu:
ya asubuhi ikitoka, ya mchana imeshafika kazini.
Katikati ya zamu hizo mbili nimelisukuma Pijo
kutoka kwenye banda nyuma ya migomba,
pikapu ya mama, rangi ya maziwa yaliyoingia chai,
nami nimelala chali juu ya gunia, nyundo ndogo mkononi.

Unagonga, unasikiliza.
Bati zima huita.
Bati bovu hunyamaza, au hujibu
kama kibuyu kilichosahaulika darini.
Kwa nje kulikuwa na lengelenge moja tu la rangi,
kadiri ya ukucha wa kidole gumba,
kwenye kizingiti cha mlango wa dereva.
Nikalibonyeza. Bisibisi ikazama hadi mpini.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakuwa na gari, lakini hili waliliona.

Basi nikakata. Fundi Mwaisumo aliniazima grenda
kwa sharti moja: usichomelee kwenye kutu,
utakuwa umeshonea kiraka kwenye utando wa buibui.
Rudi nyuma, rudi, mpaka bati liite.
Nikarudi. Kidole gumba kikawa kiganja,
kiganja kikawa sinia,
na kupitia sakafu ya dereva sasa naona majani
na kuku mmoja, ameinamisha shingo,
ananitazama kama mkaguzi.
Mama akatoka jikoni, mikono kiunoni:
"Tusekile, umekuja kulitengeneza au kulimalizia?"

Miaka kumi na tisa aliliendesha.
Ndizi kwenda Uyole, viazi, mbolea,
na usiku mmoja mke wa mchungaji
ambaye hospitali hakuifikia.
Mtoto wakamwita Pijo. Siku hizi ni askari magereza,
na hapendi kuulizwa.

Chini ya zulia, penye kisigino cha dereva,
nilikuta kiraka:
ubavu wa debe la mafuta ya kula,
ribiti saba, moja imepinda,
herufi za kampuni bado zinasomeka nusu.
Nikamwita. Nani huyu aliyeziba hivi, bila hata rangi?
Akachungulia.
"Mimi. Mwaka wa karo yako ya kidato cha tano."
Akarudi kutazama maharage.

Nilikigonga. Hakikuita.
Nikakikata nacho, pole pole,
nikakilaza juu ya bati jipya, nikakizungushia chaki,
kisha nikaongeza vidole vitatu kila upande:
hivyo vitatu ndivyo kutu ilivyokula
tangu siku ile.

Bati jembamba halitaki pupa.
Ukilichoma mstari mmoja, litapinda, litakucheka.
Unachoma nukta hapa, unaondoka, nukta kule,
unasubiri lipoe,
kama anayeshona karibu na mtoto aliyelala.
Watoto wa jirani wamekatazwa kutazama cheche
kwa hiyo wanatazama kupitia vidole.
Nukta ya arobaini na moja, luku ikaisha.
Na zamu ya mchana hiyo, juu ya migomba, inakuja.

Tumekimbilia ndani ya gari, mimi na yeye.
Kiti cha dereva bado kiko barazani,
nimekalia ndoo.
Yeye amekaa upande wa abiria,
anatafuta mahali pa kuweka mikono.
Chini ya miguu yangu ni pakavu.
Ila kona ya kioo cha mbele, ambako sikuwa nimegonga,
tone limechungulia, likanidondokea gotini.
Sisemi kitu. Na yeye ameliona.

Ananyoosha mguu hadi upande wangu,
anagonga kiraka kipya kwa kisigino
na kutega sikio la kulia, lile linalosikia.
"Linaita, mama?"
Mvua imelijaza paa.
"Sijui," anasema. "Hebu ngoja inyamaze."
Anagonga tena.