Herufi Isiyotulia

Si ajali ya kusimuliwa.
Hapakuwa na gari, hapakuwa na shujaa.
Ni Novemba, barafu mbele ya posta,
bahasha mkononi, na mara mbingu ikawa chini
na kisogo changu kikausalimu mji wa Isafjordur
kwa mlio mmoja mkavu: ko.
Niliinuka. Nikajipangusa. Nikanunua stempu.

Wiki mbili, alisema daktari, utakuwa mzima.
Picha ya ubongo ilitoka safi,
safi kiasi cha kunitia aibu.
Wiki ya tisa bado naishi chumba cha nyuma,
pazia nimelibana kwa pini,
friji inanguruma kama trekta ndani ya sikio.
Ketill, mume wangu, hufunga droo ya vijiko
kama anayelaza mtoto.
Mbona huonekani mgonjwa? aliniuliza mara moja,
mara moja tu,
akaona nilivyomtazama, akaenda kukoroga uji.

Kliniki ya Hallbera iko juu ya duka la rangi.
Ngazi kumi na nne; nazijua kwa magoti.
Hakuniuliza naumwa nini.
Aliuliza naumwa kiasi gani, sifuri hadi kumi,
sasa hivi, na sasa, na sasa?
Vidole vyake vikaingia chini ya fuvu,
pale shingo inapofunga fundo,
vikakuta ngumi niliyoificha tangu Novemba.
"Hii nayo iliteleza pamoja nawe," alisema.
"Hakuna aliyeiambia kwamba umeshainuka."

Kisha kadi. Herufi moja, R, nyeusi,
imebandikwa ukutani usawa wa macho.
Itazame R. Tikisa kichwa: hapana, hapana, hapana.
R isiondoke.

R ikaondoka.
Ikaota mkia, ikawa mbili, ikaogelea,
sakafu ikainama kama meza yenye mguu mfupi,
nikatapika kwenye ndoo yake ya bluu.
"Sita," nilisema.
Akaandika sita, kwa penseli, kana kwamba ni bei ya mkate.
Sekunde kumi na tano. Pumzika. Kesho tena.

Nilidhani kupona ni kulala.
Yeye anasema kupona ni kukichokoza kizunguzungu
kidogo, kama unavyomchokoza paka aliyelala,
na kuondoa mkono kabla ya kucha.
Baiskeli isiyokwenda popote: mapigo mia na kumi na nane,
hapo ndipo kichwa hugoma; basi tunaishia mia na tano.
Sponji chini ya nyayo, macho yamefumbwa,
mwalimu wa muziki, miaka arobaini na sita,
nasimama dede.

Na kuna siku zinazorudi nyuma.
Jumanne nilikwenda dukani kutafuta siagi.
Rafu zikaanza kutembea, mimi nikasimama,
nikarudi bila siagi, bila hata jina la siagi.

Mji wetu umezibwa na milima.
Jua hutuacha mwezi uleule nilioanguka
na hurudi Januari ikielekea kwisha.
Siku hiyo watu hupika chapati za maji, huchemsha kahawa,
hulipokea kama mgeni aliyekawia njiani.
Mwaka huu, kati yao wote, mimi nililiogopa.

Nilitoka na miwani nyeusi, na kofia, na kiwiko cha Ketill.
Watoto wangu wa darasa la tatu walikuwa pale na filimbi zao.
Hawakupuliza. Sijui ni nani aliyewaambia.
Walizishika tu, kama mishumaa isiyowashwa.

Mwanga ukaruka ukingo wa mlima, ukashika paa,
ukashika dirisha la posta, ukanishika.
Nikatafuta mahali pa kukazia macho:
kibao cha mtaa, herufi ya kwanza, S.
Hapana, hapana, hapana, taratibu.
Walioniona labda walidhani nalikataa jua.
S ikatikisika. Ikatulia. Ikatikisika.

"Ngapi?" aliuliza Ketill. Hajawahi kuniuliza hivyo.
"Nne."
Akaikata chapati yake vipande viwili,
akarudia kwa sauti ya chini, nne, nne,
kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitarajia.