Ukurasa wa Kihispania

Kwenye daftari langu la vipimo,
baada ya kiuno cha Bi Nambecha
na kabla ya deni la sare za shule,
kuna ukurasa wa Kihispania.

Ulianza na bata.
Daktari Yamile wa Ligula, mtu wa Kuba,
alisimama mlangoni na Kiswahili chake cha miezi miwili:
"Fundi, nataka bata. Bata nyeupe."
Mweupe, nikamsahihisha. Bata mweupe.
Nikamwelekeza kwa Mzee Nnunduma, nyuma ya soko la Chuno,
anayefuga.
Akaenda. Masikini, akaenda!
Akarudi na unyoya kwenye kiatu,
akachukua chaki yangu, akachora mezani:
kola, vifungo vitano, mfuko wa kalamu.
Lo. Koti la daktari.
Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni.

"Na wewe," akasema, "hiyo uliyojifunga?"
Kanga.
"Na yule ndege wa madoadoa, kule kwa mzee?"
Nikanyamaza.
Miaka yote nimejifunga ndege kiunoni
wala sijamsikia akilia.

Basi tukaandika.
Saya: sketi.
Manga: mkono wa nguo, si pilipili wala Uarabuni.
Sako: koti. Hili nililiandika kwa wino, kwa imani.

Oktoba, korosho zimefurika hadi barabarani,
akaja Sista Remedios, wa Hispania yenyewe,
anataka koti la safari.
Nikajidai: "Sako, Sista?"
Akayatazama magunia ng'ambo ya barabara. Akajitazama.
"Mwanangu, kwetu sako ndiyo hayo."
Na saya?
Saya alivaa bibi yake. Siku hizi ni falda.

Sikufuta kitu.
Sako, kwa Yamile. Chaketa, kwa Sista.
Nimeshona miaka ishirini na sita Magomeni hapa,
sijakutana na mabega mawili yaliyo sawa,
hata ya mtu mmoja.

Halafu Yamile akataka kumpelekea mama yake doti.
Barua ikatangulia, na barua ikakwama.
Panyuelo? Hicho cha kufutia kamasi.
Manta? Hilo blanketi, na Santiago ni joto kama hapa.
Na pale pindoni pana maneno:
NIMEKUJA KWA MIGUU SITOKI KWA MANENO.
Akayageuza, akayasoma, akayakata.
Umeme ukakatika, ukarudi, tupo palepale.
Mwishowe akaandika kanga, kwa K,
na chini yake, kwa ufupi, habari za yule ndege.

Jana jibu limefika.
Mama anashukuru sana.
Anauliza anakula nini,
na banda alijenge upande gani wa nyumba.